Kanga Iliyokaliwa

Sikio la kwanza ni mgeni, la pili ni mwenyeji. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana mbele kicheko kinapungua.

Palikuwa na bendi Muheza, Pepeta Jazi, ya wazee waliopiga muziki miaka thelathini bila kurudia mtindo. Leo gitaa, kesho wanagonga jembe, keshokutwa mtu anapuliza chupa. Watu walilalamika kwanza, kisha wakacheza. Desturi ilikuwa hii: kanda mpya ikitoka, bendi huipiga yote ukumbini Jumapili mchana, na Mwantumu, kiongozi wa kinamama wapenzi wa bendi, huinuka wa kwanza kumfunga mwimbaji kanga mpya kiunoni. Akiinuka, ukumbi mzima huinuka. Akikaa, hakuna mwenye miguu.

Mwaka ule Semboja, mwimbaji, alikuwa amefiwa na mkewe. Alikuja na nyimbo za polepole, gitaa likidondoka tone moja moja, na nyuma ya pazia mlio: taka-taka, kimya, taka-taka. Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama betri zimekwisha. Mwingine akasema hawajaanza, bado wanakaza nyuzi. Bwana Hizza, msomi wetu, alidai ameelewa kila kitu. Alipoombwa aimbe kidogo wimbo mmojawapo, akapaliwa na soda.

Kanga ilikuwa mapajani kwa Mwantumu, na macho ya Semboja hayakuiacha tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kusema kweli kitu kilimgusa Mwantumu, ila hakukijua ni nini, na wenzake walikuwa wakimchungulia waone kama atacheka nao. Akaona haya kuinuka peke yake. Akaikunja kanga, akaikalia.

Watu wakatoka wakicheka. Kanda zikabaki madukani zikila vumbi.

Miezi mitatu baadaye Mwantumu alikuwa akipepeta mchele, redio ikaupiga wimbo mmoja wa kanda ile. Hakuusikiliza, uliingia wenyewe, kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi. Mikono yake ikaanza kwenda na ule mlio, taka-taka, kimya. Ungo ukamponyoka. Mlio ule ulikuwa wa cherehani ya Mwanaidi, marehemu mke wa Semboja, iliyokuwa ikikwama kila baada ya mishono miwili. Sare zote za kinamama zilishonwa kwa cherehani hiyo, na Mwantumu ndiye aliyekaa kando miaka yote ile akipiga soga na shoga yake.

Akachukua kanga, akaenda. Alimkuta Semboja uani akimenya muhogo. Bendi ilikwisha vunjika, wapiga gitaa wamerudi makwao.

"Shemeji, nimekuletea kanga yako."

"Ya wimbo gani? Mimi siimbi tena."

"Siku ile sikumsikia Mwanaidi."

Semboja akaendelea kumenya. "Sikio la kwanza ni mgeni, shemeji. La pili ndilo mwenyeji. Nami nilijua hivyo tangu zamani, nikashindwa kulingoja la pili."

Akamkatia kipande cha muhogo. Kanga hakuipokea.

Ingali sandukuni hadi leo, na mikunjo ileile ya kukaliwa. Msiniulize sanduku la nani. Nyinyi mliokuwa mkiucheka wimbo wa redioni sasa hivi, endeleeni tu. Ila kesho ukipigwa tena, nyamazeni kidogo. Sikio la kwanza ni mgeni, la pili ni mwenyeji.