Oili ya Kyela Hailali Makete

"Oili ya Kyela hailali Makete." Mmelisikia neno hili leo gereji, mmecheka, na sasa mnataka kujua limetoka wapi. Kaeni basi. Limetoka harusini.

Obadia Tweve wa Makete, kule juu milimani, alinunua pikapu kuukuu wiki ya harusi ya binti yake wa pekee, Lugano. Aliapa kwamba bibi harusi hatakwenda kanisani kwa gari la kuazima. Mtu na fahari yake! Ila ilipofika zamu ya kubadilisha oili, alichanganyikiwa. Fundi alimwambia aweke nyepesi. Muuza duka akasema gari kuukuu hutaka nzito. Jirani akasema oili ni oili, mradi iteleze. Obadia aliwaitikia wote, akarudi nyumbani hajui ashike lipi.

Hapo akatokea shemeji yake, Ambilikile, dereva wa lori kutoka Kyela, bondeni kwenye joto la ziwa. Alikuja na dumu la oili nzito kama asali.

"Naitumia miaka yote, shemeji. Injini yangu haijawahi kukohoa."

Zawadi ya shemeji haikataliwi. Obadia akamimina. Mchana ule jua likiwaka, injini ilinguruma vizuri, naye usiku akalala usingizi mnono.

Asubuhi ya harusi umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Mchungaji alikuwa anafungisha ndoa hiyo moja tu, kisha anapanda basi kwenda usharika wa mbali, harudi mpaka mwezi ujao. Obadia akawasha. Gari likaguna, likanyamaza. Wakasukuma hadi suti zikaingia matope. Wapi! Akaangalia betri, akaangalia mafuta. Vyote viko sawa. Akafungua boneti, akabaki anaikodolea macho injini asijue anatafuta nini. Kengele ya kanisa ikalia. Aibu ilimshika mpaka machozi yakamlenga.

"Jana liliwaka!" alilalama. "Limerogwa?"

"Hata mimi sielewi," alisema Ambilikile, akitetemeka ndani ya mablanketi mawili. "Oili hii kule kwetu haina mpinzani."

Lugano, gauni kalikusanya mkononi, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mjomba, wewe mablanketi mawili na bado unatetemeka. Oili yako uliifunika na nini?"

Obadia akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imeshikana kama mchuzi wa mafuta uliolala. Mama Lugano hakungoja maelezo. Alilichukua jiko la chai ya wageni, mkaa umeshafifia, akalisukuma chini ya injini. Kengele ya pili ikalia. Obadia akawasha tena. Likaguna, likakohoa, likawaka.

Bibi harusi alifika ananuka moshi, mchungaji keshaanza kuvua joho. Akalivaa tena.

Jioni wazee walisimama mmoja mmoja kuwapa maharusi nasaha za ndoa, kila mmoja akipingana na mwenzake. Bwana harusi alianza kukunja uso. Obadia aliijua sura ile. Akasimama.

"Wanangu, mtashauriwa na wengi, na hakuna atakayewadanganya. Oili ya shemeji yangu ni nzuri sana, huko inakotoka. Lakini oili ya Kyela hailali Makete."