Sahani Mia za Bwana Ngowi

Mjini Moshi aliishi fundi cherehani, Bi Aikande, aliyependa kula vizuri ingawa mfuko haukumruhusu. Wiki ya mlo wa hisani ilipofika, hoteli kubwa ya Bwana Ngowi ilibandika tangazo: sahani mia kwa bei nafuu, na nusu ya bei ya kila sahani itakwenda kwa kituo cha yatima. Siku ya kwanza, saa sita mchana, Bi Aikande alivaa gauni lake la kanisani akaenda.

Bwana Ngowi alimtazama mpaka viatuni. "Sahani za hisani zimekwisha, mama. Imebaki bei ya kawaida."

"Zote mia?"

"Zote."

"Basi niandikie, baba, ugonge na mhuri. Nyumbani watasema sikufika."

Bwana Ngowi alitaka aondoke upesi, kwa hiyo aliandika na kugonga mhuri. Bi Aikande alishukuru, kisha akamuuliza mlinzi njia ya kwenda kituo cha yatima.

"Kule unafuata nini?" Bwana Ngowi aliuliza.

"Nawapelekea habari njema. Sahani zote mia zimeuzwa, waje wachukue fungu lao."

Ukumbini walikuwa wamekaa watu wanne. Bwana Ngowi alimvutia kiti yeye mwenyewe.

Bi Aikande alikula supu, samaki na keki, akalipa bei ya hisani, akainuka.

"Na ile karatasi, mama?"

"Nitairudisha Ijumaa," alisema Bi Aikande. "Nitakuja na dada zangu wawili."