Shamba Lililovikwa Nguo Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Ardhi ya uchi?

Ivikwe!

Ivikwe na nani?

Na mwenye jembe!

Hapo zamani za kale, Fuko ndiye aliyemwambia Digidigi habari ya kuvika shamba. Naam, Fuko yuleyule ambaye Digidigi alimzibia shimo lake kila siku.

Digidigi alikuwa mama kijana, mwenye haya nyingi. Alikuwa na mtoto mchanga na kishamba cha mchicha na nyanya. Hakuwa na kingine.

Bonde lao lilikuwa na sheria moja. Kila mwaka, kabla ya masika, Bibi Tembo alikuja na maji mkongani, akayamwaga katika kila shamba. Ardhi ikinywa, mwenyewe anabaki. Ardhi ikiyatema mara tatu, shamba anapewa jirani.

Na jirani alikuwa Ngedere.

"Dada," Ngedere alimwambia, "shamba ni kama ua. Fagia! Majani makavu ni aibu kwa mwanamke."

Digidigi akaona haya, akafagia. Kila alipovuna alifagia, mpaka ardhi ikang'aa. Bibi Tembo akaja, akamwaga. Maji yakakimbia, yakakimbia, mpaka mtoni.

"Moja," akasema Bibi Tembo.

Mwaka wa pili, Digidigi alipovuna mboga, akapanda kunde tupu. Zikatambaa vizuri, akazikata, zikaoza upesi. Mabaki akayafagia. Jua likapiga. Bibi Tembo akaja, akamwaga. Maji yakakimbia, yakakimbia, mpaka mtoni.

"Mbili," akasema Bibi Tembo.

Ngedere akaanza kulipima shamba kwa mkia wake. Digidigi akamkumbatia mwanawe, akalia kimyakimya.

Hapo Fuko akatoa pua shimoni. "Mama, usinizibie kabla hujanisikia. Shamba lako ni paa la nyumba yangu. Likikauka, naungua. Udongo ukichukuliwa na maji, nabaki nje. Hebu niambie, majani unayofagia hulala wapi?"

"Sijui, baba."

"Kwa Ngedere! Anayaokota, anayatandika kwake. Ndiyo maana ardhi yake inakunywa."

Digidigi akashika mdomo.

"Kunde hukukosea," Fuko akaendelea. "Zinaulisha udongo, ila nguo yake ni nyepesi. Changanya na mawele, mabua yake hayaozi haraka. Changanya na marejea, ule mmea mrefu wa maua ya njano, mzizi wake unashuka kule kwangu, unayafungulia maji mlango. Kunde zitambae, mawele yasimame, marejea yachimbe. Yakitoa maua, kata, laza, usifagie."

Digidigi akachanganya mbegu katika ungo mmoja, akazimwaga shambani.

Ngedere akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, unapika makande shambani? Usisahau nazi!"

Digidigi akainamisha kichwa, akafukia mbegu zake. Kunde zikatambaa, mawele yakasimama, marejea yakachimba. Yalipotoa maua, akakata, akalaza.

Ngedere akaja mbio na ufagio. "Dada, uchafu gani huu! Nikusaidie?"

Digidigi akamtazama mwanawe. Haya zikamtoka. "Asante, kaka. Ufagio huo ukafagie kwako."

Siku ya maji ikafika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya tatu, unajua?"

"Najua, Bibi."

Bibi Tembo akamwaga. Digidigi akafumba macho, akasubiri kusikia maji yakikimbia. Hakusikia kitu. Akafumbua. Maji hayapo! Ardhi imekunywa yote, chwaa, kama mtoto mwenye kiu.

Digidigi akakaa chini palepale, akacheka kwa furaha.

Bibi Tembo akavuka kwa Ngedere. Mwaka ule Ngedere hakupata majani ya kuokota. Ardhi yake ilikuwa ngumu kama chungu. Maji yakakimbia, yakakimbia, yakamlowesha miguu mpaka mkia.

"Moja," akasema Bibi Tembo.

"Fagia, kaka, fagia!" wakamzomea wanyama wote waliokuja kutazama.

Asubuhi iliyofuata, Digidigi aliamka mapema, mtoto mgongoni. Kabla hajapanda mche hata mmoja wa nyanya, akazibua shimo la Fuko, na kando ya mlango ule akampandia tuta la viazi vitamu.

Basi wanangu, anayekuhimiza kutupa chako, tazama kwanza anakipeleka wapi. Na ardhi, kama mtu, haivikwi na mkono mmoja.

Hadithi yangu nimeilaza hapa, iwe mbolea. Atakayeipenda, aipande kwake.