Tanzia ya Bi Nyamizi Aliye Hai

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yangu mimi ni ya juzi tu, kompyuta zilishafika, palikuwa na mama mmoja katika mji wa reli, jina lake Bi Nyamizi. Mwanawe wa pekee, Maganga, aligombana naye akahama mji. Akipigiwa simu hapokei. Mama akaenda redio ya pale mjini, wakamtangazia: "Maganga, popote ulipo, njoo nyumbani, mama yako anakuita." Maganga akasikia, akazima redio. Wakatangaza tena. Akazima tena. Kumbe mtu anaweza kuwa na moyo mgumu hivyo!

Sasa, pale redioni matangazo yalipangwa kwenye kompyuta ya mezani, kwa programu ya zamani. Kila kitu kina jina lake, na ukitaka kuhamisha tangazo inakuuliza kwanza: "Una hakika?" Akaja fundi Pendaeli na programu mpya, ya kugusa kwa kidole. Maneno akayaondoa, akaweka vipicha vikubwa kama vitumbua. Tangazo unaliburuta tu, hakuna kuulizwa. Kwenye tableti, raha tupu! Meneja, Bi Mwavita, akaipenda, akaamuru iwekwe hata kwenye kompyuta ya mezani.

Mtangazaji Kashindye akalalamika: "Bosi, mimi natumia mausi. Hivi vitu vinaniteleza."

"Utazoea," akajibiwa.

Basi siku moja Kashindye akabofya tangazo la Bi Nyamizi alifungue. Mausi ikasogea kidogo, tangazo likahamia kwenye kisanduku cha matangazo ya vifo. Naye, mtu wa haraka zake, akasoma kama lilivyojipanga: "Tanzia. Bi Nyamizi. Maganga, popote ulipo, njoo nyumbani."

Lahaula! Majirani wakafika na kuni na masufuria, wakamkuta marehemu anachambua maharage. Lakini dada yake, Bi Kabula, alikuwa ameshaanguka kwa mshtuko, akavunjika nyonga.

Watu wakawafuata wale watatu, fundi, meneja na mtangazaji, wakawaleta mbele ya Bi Nyamizi. Nani kakosa?

Pendaeli akasema: "Si mimi. Niliitengenezea kidole. Nani aliwatuma muitumie kwa mausi?"

Bi Mwavita akasema: "Si mimi. Niliamuru iwekwe, sikuamuru mtu asome bila kufikiri."

Kashindye akasema: "Si mimi. Nilisema mapema, mkaniambia nitazoea."

Wangali wanasukumiana lawama, huyo Maganga anaingia, analia kwa sauti. Akamwona mama yake yu hai, akaanguka magotini: "Mama, nisamehe!" Bi Nyamizi akamkumbatia, akalia, akacheka, akalia tena.

Akasema: "Ukweli ulimwita hakuja, kosa limemleta. Nina ng'ombe mtamba mmoja, karibu atazaa. Ni wa yule aliyenirudishia mwanangu. Ni nani?"

Ebo! Ndimi zikageuka.

Pendaeli: "Ni mimi! Nisingeondoa lile swali la 'Una hakika?', tangazo lisingehama."

Bi Mwavita: "Ni mimi! Bila amri yangu programu ingebaki kwenye tableti, na kidole kisingekosea."

Kashindye: "Ni mimi! Mkono uliosogea ni wangu, na sauti iliyomliza Maganga ni yangu."

Hapo Bi Kabula akaita kutoka kitandani, chumba cha ndani: "Wanangu, mchukueni mtamba. Ila atakayemchukua ndiye aliyenivunja nyonga. Atakuja kuniuguza, kuniogesha na kunipikia, mpaka nisimame."

Bi Nyamizi akasema: "Neno la dada yangu ndilo langu."

Pendaeli anatazama dari, Bi Mwavita anatafuta simu kwenye mkoba, Kashindye anakohoa. Mtamba yuko nje amefungwa.

Haya, nyie mnaocheka hapo, msiniambie "wagawane", mtamba mzima hakatwi vipande. Kamba anapewa mmoja, na nyonga ya Bi Kabula juu yake. Je, nani alistahili?