Matawi ya Mkole na Kamba ya Nyati

"Hadithi iko njiani!"

"Ifike salama!"

"Imembeba nani?"

"Tuambie tumjue!"

Imembeba Nguchiro. Nasema Nguchiro, si Kicheche, maana watu huwachanganya. Mama yake alimwita Semkiwa. Alikuwa na pikipiki moja nyekundu, na pikipiki hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake sita.

Siku hizo kila mwenye pikipiki alijiunga na Bima ya Kuvutwa ya Bwana Nyati. Kila mwezi unampelekea kikapu cha mahindi mabichi. Pikipiki ikikufia njiani, yeye anakuja na kamba kukuvuta mpaka kwa fundi. Ndivyo kadi ilivyosema. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, ilisema mambo mengine mawili. La kwanza: pasipo na matawi barabarani, hapana pikipiki mbovu. La pili: pikipiki mbovu itakayokutwa na machweo kwenye matawi yake ni mali ya Nyati.

Matawi hayo mnayajua. Chombo kikiharibika, dereva hukata matawi mabichi akayalaza barabarani, mbele na nyuma, ili wanaokuja wapunguze mwendo.

Basi asubuhi moja Nguchiro alikuwa anapanda mlima Mzingazinga, tuku-tuku-tuku, mara kwachu! Cheni ikakatika. Akakata matawi ya mkole, akalaza mawili mbele na mawili nyuma, akapiga simu.

Nyati akaja, kamba kiunoni, ncha yake ikiburuzika vumbini.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba."

Akainama. Mtafu, mtafu, mtafu. Matawi manne yakaisha. Akafuta mdomo.

"Enhe, matawi yako wapi?"

"Si umeyala sasa hivi, bwana!"

"Mimi naona barabara tupu. Hapana matawi, hapana ubovu. Siku njema."

Akaondoka. Ndivyo alivyomfanyia Digidigi, ndivyo alivyomfanyia Kobe. Wenzetu hao waliweka matawi mengine, wakangoja. Nyati akarudi jua linazama, akakokota pikipiki zao mpaka zizini kwake.

Nguchiro akatazama kileleni. Huko ndiko alikokaa fundi Nungunungu, mwenye spoki zake mgongoni. Akasukuma pikipiki, ikarudi. Akasukuma, ikarudi. Akaegemea jiwe, akahema, akasema, "Hii haiendi zizini. Sitaki."

Akaingia kichakani. Akakata tawi, akalilaza. Akapanda hatua kumi, akakata tawi, akalilaza. Meno yakauma, akakata. Viganja vikachubuka, akalaza. Mpaka mlangoni kwa Nungunungu. Kisha akashuka mbio, akapiga simu tena.

Nyati akaja.

"Mbona mengi hivi?"

"Kona hii mbaya, bwana. Nachelea watu wasije wakagongana."

"Umefanya vyema," akasema Nyati, mate yanamtoka. "Vyema sana."

Akainamia tawi la kwanza. Nguchiro akaiokota ncha ya kamba, akaifunga kwenye usukani, akapanda.

Nyati akatafuna, akasogea. Pikipiki ikasogea. Mtafu, mtafu, kwii. Mtafu, mtafu, kwii. Pikipiki kwa Nyati ni kama inzi mkiani.

"Nini kinalia huko nyuma?"

"Tumbo lako, bwana. Linashukuru."

"Lina adabu," akasema Nyati, wala hakugeuka, maana tawi jingine lilikuwa mbele.

Akatafuna, akavuta. Akavuta, akatafuna. Mlima mzima.

Kwa fundi walikuwepo Digidigi na Kobe, waliokuwa wakitembea kwa miguu siku hizo. Walipoona, wakazibana midomo. Nungunungu akafungua kamba polepole, akashika cheni.

Nyati akameza tawi la mwisho, akageuka. Akaiona pikipiki. Akaliona jua linazama. Akacheka mpaka pembe zikatikisika.

"Machweo! Na pikipiki bado mbovu! Ni yangu!"

"Kwa kadi ipi, bwana?" akauliza Nguchiro.

"Kadi yangu mwenyewe!"

"Haya, tuifuate. Matawi yako wapi?"

Nyati akatazama chini ya mlima. Barabara tupu, nyeupe, mpaka bondeni. Akafumbua mdomo ajibu, jani moja la mkole likadondoka.

Digidigi akaliokota, akampa kwa mikono miwili.

"Malizia, bwana."

Nungunungu akakaza nati ya mwisho. Tuku-tuku-tuku! Nguchiro akashuka upande wa pili, Digidigi na Kobe amewapakia nyuma.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba lipieni bima zenu mapema, wala msiwashuku wakubwa. Mkubwa humsaidia mdogo kwa moyo wake wote. Nyati alimvuta Nguchiro mlima mzima, tena bila kuombwa.

"Hadithi imefika!"

"Imefika salama!"

"Nani aliivuta?"

"Aliyeshiba!"