Sikukuu ya Dunia ya Bwana Senkoro

Alikuwapo tajiri mmoja, Bwana Senkoro, aliyelimezea mate shamba la ndizi la mjane Namkunda, kwa sababu lilikuwa na chemchemi. Namkunda hakuuza. Basi Senkoro akatangaza sikukuu ya dunia nzima, ya amani na ukarimu, akaalika hata wageni wenye kamera. Siku hiyo kila mtu angeomba kitu kimoja tu, na anayeombwa asikatae.

"Na mimi nitaomba?" Namkunda akamuuliza.

"Tena utaanza, shemeji. Mimi mwenyeji nitaomba mwisho."

"Ukiniomba shamba?"

"Utatoa! Unataka dunia ikuite adui wa amani?"

"Na wewe utatoa?"

"Chochote, mbele ya kamera!"

Siku ilipofika, Senkoro alirusha njiwa wawili, mmoja akamchafulia kanzu. Akahubiri ukarimu mpaka watoto wakasinzia. Kisha Namkunda akaitwa, akapiga goti.

"Shemeji, sitaki ng'ombe wako hata mmoja."

"Mnamsikia mama huyu!" Senkoro akawaambia wageni. "Omba, usiogope."

"Naomba zamu yako ya kuomba."

Wageni wakapiga makofi, kamera zikamgeukia tajiri.

"Nimekupa," akasema, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.