Kitufe cha Bwana Muhidini

Alikuwepo Tanga mpakaji hina mmoja, Zaituni, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku moja alimtafutia mamake dawa ya fangasi wa kucha katika duka la mtandaoni la tajiri Muhidini. Tangu hapo, kila alipofungua simu awaoneshe wateja maua ya hina, lilichomoza tangazo lenye picha ya kucha zilizooza, na wateja wakarudisha mikono yao.

Alipoitwa kumpaka hina Bi Nargisi, mke wa Muhidini, alimwomba tajiri, "Bwana, niondolee hayo matangazo yako yanayonipeleleza simuni mwangu."

Muhidini akacheka. "Mtambo wangu wa matangazo haumsingizii mtu. Ukioneshwa kitu, ujue moyo wako umekitaka."

"Kweli?" akauliza Bi Nargisi.

"Kweli, mke wangu. Unamjua mtu kuliko mamake."

"Basi niazime simu yako, bwana," akasema Zaituni kwa adabu, "bibi achague maua. Yangu imejaa kucha."

Akapewa, akaandika maneno machache katika duka la Muhidini, maua yakatokea. Bi Nargisi akachagua, akapakwa, akapendeza.

Kesho yake Bi Nargisi aliichukua simu ya mumewe ampigie dadake. Ikachomoza kanzu ya bwana harusi, kisha pete, kisha kitanda cha maharusi.

"Unaoa lini?" akamuuliza mumewe.

"Mtambo umekosea!"

"Haumsingizii mtu. Umesema mwenyewe."

Kabla ya adhuhuri duka lilikuwa na kitufe kikubwa cha "Msinifuate", na wa kwanza kukibonyeza alikuwa Muhidini. Kisha akampigia Zaituni.

"Ulitafuta nini simuni mwangu?"

"Maua ya bibi harusi, bwana. Si ndiyo kazi yangu?"

"Basi mwambie mke wangu!"

"Nitamwambia, bwana. Sijui tu kama ataniamini mimi kuliko mtambo wako."